Siri ya mchezo aijuaye ni muundaji

Wahenga walinena kuwa siri ya mtungi aijuaye ni kata. Methali hiyo niliifundisha darasani kwa zaidi ya miaka 30, nikaiandika ubaoni mara zisizohesabika na kuitungia maswali ya mitihani, lakini sikupata kuielewa barabara hadi nilipostaafu. Nilikuwa na umri wa miaka 61 nilipoketi mbele ya tarakilishi kuukuu, miwani puani, nikaanza kujifunza jinsi ya kuunda michezo midogo ichezwayo katika kivinjari, yaani ile programu tunayoitumia kufungulia kurasa za mtandao.

Huenda ukacheka, ewe msomaji. Mzee mzima na michezo ya watoto wapi na wapi? Hata mimi ningalicheka, lau si kwa yaliyonifika nyumbani mwangu. Nisikilize kwanza, kisha ucheke ukipenda.

Nina mpwa wangu, kitindamimba wa dada yangu, aliyekuja Nairobi kutoka Voi ili ajiunge na chuo cha ufundi. Mamake aliuza ng'ombe wawili ili kuipata karo ya muhula wa kwanza. Fedha hizo alimtumia kijana kwa simu, maana sisi wazazi wa siku hizi tumekuwa hodari wa kutuma fedha kuliko kutuma maswali. Wiki ya tatu nilipomwuliza habari za masomo, kijana aliinamisha kichwa. Hakuwa amefika chuoni hata siku moja. Karo yote ilikuwa imeruka na ndege.

Nasema ndege na maana yangu ni ndege. Kuna mchezo wa kamari katika simu ambamo ndege huonekana ikipaa, na kando yake nambari hupanda: mara moja na nusu ya dau lako, mara mbili, mara tano, mara kumi. Mchezaji hutakiwa kutoa fedha zake kabla ndege haijatoweka. Akichelewa kwa nukta moja, dau limekwenda. Kijana huyu alikuwa ameicheza ndege hiyo usiku na mchana, chini ya blanketi, huku mimi nikidhani kwamba anadurusu.

Nilimhubiria kwa siku tatu mfululizo. Nikamtajia jasho la mamake, nikamtajia marehemu babake, nikamtajia na Mungu. Ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Siku ya tatu alinitazama kwa unyenyekevu wote akaniambia, "Shikamoo yako naiheshimu, Mjomba, lakini unanihukumu kwa jambo usilolijua. Mchezo huu una mpango wake. Ndege ikianguka mapema mara tano, ya sita lazima ipae. Mimi nilikosa subira tu."

Maneno hayo yalinichoma, si kwa kuwa yalikuwa ya utovu wa adabu, bali kwa kuwa sikuwa na jawabu. Nilijua kwamba kamari ni mbaya kama nijuavyo kwamba moto huunguza, lakini sikujua kilichokuwamo ndani ya ile ndege. Usiku huo nililala na wazo moja: ikiwa mchezo una mpango, basi yuko aliyeupanga. Na ikiwa yuko mtu aliyeupanga, basi mtu mwingine anaweza kujifunza unavyopangwa.

Asubuhi yake nilikwenda kwa binti mmoja mwenye duka la huduma za mtandao hapa mtaani, ambaye hutupigia chapa barua zetu na kutujazia fomu za serikali. Nilimweleza haja yangu. Hakucheka. Aliniuliza tu, "Mwalimu, umewahi kuunda mchezo wowote?" Nilipomjibu la, aliniambia neno ambalo ningependa kila anayeanza alishike: "Basi usianze na ndege. Anza na kitu utakachokimaliza kabla ya jua kutua."

Alinionyesha kwamba vifaa ni viwili tu, na karibu kila tarakilishi huvijia navyo. Cha kwanza ni programu sahili ya kuandikia maandishi yasiyo na mapambo. Cha pili ni kivinjari. Unaandika maagizo yako, unayahifadhi katika faili ambayo jina lake huishia kwa herufi HTML, kisha unaifungua faili hiyo kwa kivinjari. Mchezo huo! Hakuna cha kununua, wala hakuna haja ya kuwa na mtandao wakati wa kuandika au kucheza. Kwa mtu anayenunua data kwa shilingi ishirini ishirini kama nifanyavyo, jambo hilo si dogo.

Maagizo yenyewe huandikwa kwa lugha tatu, nami kama mwalimu wa Kiswahili nilizielewa kwa njia yangu. HTML ni nomino: hutaja vitu vilivyopo ukurasani, kama vile kichwa, kitufe na kisanduku cha kujazia. CSS ni vivumishi: hueleza ukubwa, rangi na mahali pa kila kitu. JavaScript ndiyo vitenzi, na bila vitenzi hakuna kinachotendeka. Lugha hii ya tatu ilibuniwa na Mmarekani Brendan Eich katika kampuni ya Netscape kwa muda wa siku kumi tu, mwezi wa Mei 1995, na mpaka leo ina kasoro za kitu kilichofanywa kwa haraka. Hata hivyo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya kurasa tuzifunguazo.

Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa kubahatisha nambari. Tarakilishi huficha nambari moja kati ya 1 na 100, nawe unakisia. Hukujibu kwamba umezidisha, umepunguza au umepata. Ili kuificha nambari, JavaScript huwa na amri ya kutoa desimali ya kubahatisha isiyopungua sifuri na isiyofika moja. Unaizidisha kwa 100, unaitupa sehemu ya desimali, kisha unaongeza moja. Nililiandika agizo hilo mara tatu kabla ya kulipatia, na mara ya nne nambari ilipojificha nilihisi kama mtoto aliyeficha gololi nyuma ya mgongo.

Baadaye nilikutana na mstari ulionikera. Ulisema kwamba alama ni sawa na alama kuongeza moja. Mwalimu yeyote wa hisabati angeutia kalamu nyekundu, kwa kuwa hakuna nambari iliyo sawa na yenyewe ikiongezwa moja. Kumbe ile ishara ya usawa katika lugha hii haisemi kwamba vitu viwili ni sawa. Inaamrisha: chukua kilichomo ndani ya sanduku liitwalo alama, kiongeze moja, kisha ukirudishe sandukuni. Nililifurahia jambo jingine pia, kwamba majina ya masanduku hayo ni hiari ya mwandishi. Langu liliitwa alama, lingine kisio, lingine siri. Maneno ya Kiingereza ambayo lugha yenyewe inayalazimisha ni machache, nayo hukaririwa kwa siku mbili. Fikira zilizobaki zote zaweza kuandikwa kwa Kiswahili sanifu.

Naam, mchezo ulikamilika, nami nikaanza kuucheza. Nikisema 80, ulinijibu kuwa nimezidisha. Nikisema 20, nimepunguza. Lakini nilipoitaja nambari yenyewe, ulikaa kimya kama maji ya mtungini. Mchezo ulikuwa ukizungumza ninapokosa na kunyamaza ninapopata! Nilihangaika nao kwa siku mbili. Hatimaye niling'amua kwamba chochote kinachoandikwa kisandukuni na mchezaji huhesabiwa kuwa maandishi, hata kikiwa ni tarakimu. Lugha ilikubali kulinganisha maandishi na nambari ilipotafuta kikubwa na kidogo, lakini kwa ule usawa mkamilifu niliouagiza, 57 ya maandishi na 57 ya hesabu ni vitu viwili tofauti. Dawa ilikuwa neno moja la kugeuza maandishi kuwa nambari.

Siku hizo mbili zilinifunza zaidi ya miezi ya kusoma. Mimi niliyezoea kusahihisha, sasa nilikuwa nikisahihishwa na mashine isiyotoa nusu alama. Mabano yasipofungwa hakuna kinachotokea. Skrini hubaki nyeupe. Kumbe kila kivinjari kina dirisha lake la ndani ambalo hukuonyesha mstari uliokosea na namna ya kosa. Mwanzo nililiogopa kwa maandishi yake mekundu, kisha nikalitambua kuwa rafiki. Kosa lililotajwa mstari wake si aibu, ni anwani.

Mchezo wa pili ulikuwa wa mpira na kigoe cha kuudakia, jamaa wa mchezo uitwao Pong ambao kampuni ya Atari ya Marekani iliutoa mwaka wa 1972. Hapa nilijifunza habari ya turubai. Hilo ni eneo la mstatili ndani ya ukurasa ambamo unaweza kuchora kwa amri. Kila nukta ina anwani mbili, moja ya kwenda kulia na nyingine ya kwenda chini. Nasema chini kwa kusisitiza, maana tulifunzwa shuleni kwamba nambari huongezeka tukipanda, ilhali katika turubai sifuri iko pembeni juu kushoto na nambari huongezeka tukishuka. Mpira wangu wa kwanza niliuagiza upae nao ukazama.

Mwendo nao ni kiini macho. Mpira hausogei hata kidogo. Tarakilishi huuchora, huufuta, kisha huuchora tena mahali pa jirani, aghalabu mara 60 kwa sekunde, na jicho hudanganyika kama lidanganyikavyo kwa picha za sinema. Mimi nilisahau kufuta. Mpira wangu ukatambaa huku ukiacha utelezi nyuma yake kama konokono, hata turubai nzima ikajaa weusi.

Hapo ndipo niliposikia sauti nyuma yangu. "Mjomba, huifuti ile picha ya kwanza." Alikuwa mpwa wangu, ambaye kwa majuma mawili alikuwa akinipita sebuleni kimyakimya kama mtu apitaye karibu na kaburi. Sikugeuka. Nilimwuliza tu amejuaje. Akasema kwamba hajui, ila ameona. Nikasogea, akavuta kiti.

Tangu jioni hiyo tulikuwa wawili. Nilikuwa na subira ya kusoma maelezo. Yeye alikuwa na macho yaliyotazama michezo elfu. Mpira ulipofika ukutani ukanata na kutetemeka, ni yeye aliyegundua kwamba tuliugeuza mwelekeo ukiwa umekwisha kupenya ukuta, kwa hiyo ukageuka tena na tena bila kutoka. Tukaagiza kwamba kwanza urudishwe mpakani. Mchezo ulipokwenda taratibu kwenye tarakilishi yangu na kwa kasi ya ajabu kwenye skrini nyingine yenye kuchora mara nyingi zaidi kwa sekunde, tulijifunza kuupima mwendo kwa muda uliopita badala ya idadi ya picha. Naye ndiye aliyenifunza kwamba mchezo usiokukosesha hauna raha, na usiokupatisha hauna raha vilevile. "Upunguze kigoe kidogo kila anapopata alama kumi, Mjomba," alisema, na ghafla kile kitu kikavu nilichokiunda kikawa mchezo.

Mafunzo tuliyapata bila malipo. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, wana kurasa za kumwongoza anayeanza hatua kwa hatua katika kuunda mchezo wa kuvunja matofali kwa JavaScript tupu. Isitoshe, vivinjari vya tarakilishi hukuruhusu kuyaona maandishi yaliyounda ukurasa unaoutazama. Fani gani nyingine ambayo fundi wake huacha mlango wazi namna hiyo?

Mwezi wa tatu nilimwambia, "Sasa, mpwa wangu, tuiunde ile ndege."

Alinyamaza kitambo kirefu, kisha akakubali. Kuichora na kuipaisha haikutuchukua hata siku moja. Swali lilikuwa moja: itaanguka lini? Mtu anaweza kulijibu kwa njia nyingi. Mimi nilichagua njia hii. Tarakilishi itoe ile desimali yake ya kubahatisha. Tuitoe desimali hiyo katika moja. Kisha tuchukue 0.97 na kuigawanya kwa kilichosalia. Jawabu ndilo kimo ambacho ndege itafika. Desimali ikiwa nusu, ndege huanguka kwenye 1.94. Ikikaribia moja, ndege hupaa hadi mawinguni. Na jawabu likipungua moja, jambo linalotokea takriban mara 3 katika kila 100, ndege huanguka kabla ya kuondoka ardhini na kila dau hupotea.

Kisha tukaandika mchezaji wa bandia, asiyechoka wala kuingiwa na tamaa. Kazi yake ilikuwa kuweka dau la shilingi 10 za karatasi na kuzitoa ndege inapofika mara mbili. Tulimwagiza acheze raundi 100,000. Kwa binadamu hiyo ingekuwa kazi ya miezi mingi. Tarakilishi ilimaliza kabla hatujameza mate. Alikuwa ameweka jumla ya shilingi milioni moja na amepoteza karibu shilingi 30,000.

"Alitoa mapema mno," alisema mpwa wangu. Tukabadilisha, atoe kwenye mara kumi. Hasara ikawa ileile, ikipanda na kushuka kidogo. Tukamwambia atoe kwenye mara moja na nusu. Ileile. Wakati huo kijana aliikumbuka itikadi yake ya ndege tano. Tukaandika mistari mingine ya kutafuta kila mahali ambapo ndege zilianguka mara tano mfululizo kabla ya kufika mara mbili, tukahesabu ya sita ilifanya nini. Zilipatikana maelfu ya mahali hapo, na ile ndege ya sita ilifika mara mbili kwa kiasi kilekile cha siku zote, yaani chini kidogo ya nusu. Desimali ya kubahatisha haina kumbukumbu. Haijui kwamba umepoteza, wala haikuonei huruma.

Aliitazama skrini kwa muda. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nani aliyeiandika hiyo tisini na saba?"

"Ni mimi," nilimjibu.

"Na ungeandika tisini?"

"Ingekuwa tisini. Mchezaji asingeona tofauti ila mfukoni mwake."

Hakusema neno jingine. Aliinuka akaenda kulala, nami nikabaki nikiitazama ile ndege yetu ya karatasi ikipaa na kuanguka. Mahubiri yangu ya siku tatu yalikuwa yameshindwa kufanya lililofanywa na mstari mmoja tulioandika kwa mikono yetu.

Hiyo ndiyo hoja yangu, wala si hoja ya kamari peke yake. Kila kitu ambacho kijana wetu anakigusa katika rununu ni uamuzi wa mtu fulani. Rangi ya kitufe ni uamuzi. Mlio wa kumshangilia anaposhinda ni uamuzi. Ule muda mfupi kati ya raundi moja na nyingine, usiomwachia nafasi ya kufikiri, ni uamuzi pia. Anayecheza tu huyaona mambo hayo kama mvua na jua, yaani maumbile yasiyo na mwenyewe. Anayeunda hata mchezo mmoja mdogo hawezi tena kuyaona hivyo. Atauliza: aliyeandika hapa alitaka nini kwangu?

Kuna waundaji waliojiuliza swali hilo wenyewe. Dong Nguyen wa Vietnam aliutoa mchezo wa simu uitwao Flappy Bird mwaka wa 2013, ndege mdogo wa kupenya kati ya mabomba, ukatapakaa duniani kote. Mwezi wa Februari 2014, ukiwa kileleni, aliuondoa kwa hiari yake, akieleza kwamba watu walikuwa wametekwa nao kupita kiasi. Mwezi uliofuata, Gabriele Cirulli, kijana wa Kiitaliano mwenye umri wa miaka 19, aliunda mchezo wa vigae vya nambari uitwao 2048 kwa siku chache za mwisho wa juma na kuuweka katika kivinjari bila malipo, pamoja na maandishi yote yaliyouunda. Naye Josh Wardle aliunda mchezo wa maneno uitwao Wordle ili kumfurahisha mwenziwe, akauweka wazi kwa wote mwaka wa 2021, na mchezo huo ulimruhusu mtu kubahatisha neno moja tu kwa siku. Neno moja! Gazeti la New York Times liliununua mwanzoni mwa 2022 kwa zaidi ya dola milioni moja. Basi ukomo nao ni uamuzi wa muundaji, na si lazima umfilisi.

Lakini nisikudanganye, ewe msomaji, kwa mifano ya mamilioni. Mimi sijapata hata ndururu kwa michezo yangu, na wengi wanaojifunza hawatapata. Mtu asiwaahidi vijana utajiri kupitia njia hii, kwa maana hiyo itakuwa kamari nyingine yenye jina la heshima. Anayeanza na ashike mambo matatu. Achague mchezo mdogo na aumalize, kwa kuwa kijana atakaye kuunda kandanda yenye uwanja na mashabiki siku ya kwanza ataacha siku ya pili. Aandike kila mstari kwa vidole vyake hata kama ameuona kwingine, kwani mkono hufahamu yasiyofahamiwa na jicho. Na ampe mtu mwingine aucheze, kisha akae kimya atazame anapotatizika.

Kwa upande wa serikali, hatuwezi kusema kwamba hapajafanywa kitu. Mwaka wa 2016 ulianzishwa mpango wa kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma, na mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya kufunza uandishi wa programu. Hayo ni mema. Hofu yangu ni kwamba somo hili litageuzwa kuwa la kukariri istilahi za mtihani, kama tulivyoyafanya masomo mengine. Mtoto anayeweza kutaja maana ya JavaScript bila kuwahi kuusogeza mpira ni sawa na mtoto anayetaja aina za mitungi ilhali hajawahi kuchota maji.

Tena mbona tuazime michezo ya kujifunzia? Tunayo gololi, tunayo kati, tunalo bao. Ubao wa bao la Kiswahili una safu nne za mashimo manane manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Kwa tarakilishi hiyo si kitu ila orodha ya nambari 32 na kanuni za kuzihamisha. Mwalimu akiwapa wanafunzi kazi ya kuandika hata kanuni moja tu, kwamba kete zichukuliwe katika shimo na kupandwa moja moja katika mashimo yanayofuata, atakuwa amewafunza hesabu, mantiki na urithi wao kwa kipindi kimoja.

Kazi hiyo ndiyo inayomshughulisha mpwa wangu sasa. Hakuponywa kwa siku moja, na nitakuwa mwongo nikidai hivyo. Mwezi mmoja baada ya ile jioni alirudi kwenye ndege, akapoteza shilingi 600, akaja mwenyewe kuniambia kabla sijauliza. Tangu hapo sijasikia tena. Mchana hufanya kazi ya mjengo ili akusanye karo iliyopotea, na usiku hupambana na bao lake, hasa pale kete ya mwisho inapoangukia shimo lenye kete nyingine na safari kulazimika kuendelea. Mchezo wake huzunguka bila kikomo na kivinjari hukwama. Namsikia akiguna peke yake, nami najizuia kumsaidia.

Nilipompigia dada yangu simu kumweleza mambo haya, alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Haya, Kaka, nimesikia. Lakini mwambie kwamba ng'ombe hawaundwi kwa tarakilishi." Nilimfikishia kijana maneno hayo kama yalivyosemwa. Hakujibu. Lakini siku ile ile niliona kwamba katika kijidaftari anamoandika akiba yake ya mjengo, juu kabisa ya ukurasa, ameandika: ng'ombe wawili.